"Wanyama Wako Arusha, Dada": Niliyowaambia Vijana wa Tabora Kuhusu Nyuki, Sokwe na Vyuo

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha ndani cha vijana, Tabora mjini, kipindi cha likizo. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza vicheko tu, na ile nusu saa umeme ulipokatika tukawa tunapigana na mbu.)

 

Kwanza niondoe wasiwasi. Najua mkisikia mwanafunzi wa sheria anakuja kuongea na vijana wa chama, mnategemea Katiba Mpya, tume huru, dhamana na mambo ya mahakamani. Hayo tutaongea, hayajaisha na hayaishi leo. Leo nimekuja kuongea habari za nyuki. Nyuki, ng'ombe, sokwe, misitu, na vyuo vinavyofundisha hayo. Na kama kuna kaka yeyote amesimama pale dirishani anaandika majina yetu, karibu ndani, kiti kipo, andika nyuki kwa herufi kubwa.

Nimeamua kuongea haya kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye steshenari moja karibu na stendi. Mnazijua steshenari zetu: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kijana mmoja anayejaza fomu za dunia nzima. Akaja binti, amemaliza kidato cha nne, yuko na mama yake. Kijana wa kompyuta akamuuliza, "Dogo, unapenda kusomea nini?" Yule binti akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Napenda mambo ya wanyama." Kijana akacheka, hata hakugeuka kutoka kwenye kioo. "Wanyama wako Arusha, dada. Nikuwekee uhasibu?" Mama akaitikia kwa kichwa. Uhasibu ukawekwa. Dakika kumi, shilingi zikalipwa, maisha ya mtu yamepangwa.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na karatasi zangu mkononi, na nilinyamaza. Nimejilaumu sana. Kwa hiyo haya mnayoyasikia leo ni maneno niliyopaswa kumwambia yule binti.

Wanyama wako Arusha. Haya, tuanze hapo.

Mtu akitoka hapa mjini akashika njia ya kusini magharibi kupitia Sikonge, anakwenda kufika kwenye nchi ya mto Ugalla. Pale pana viboko, mamba, tembo, simba, palahala. Mwaka 2019 pakapandishwa hadhi, likawa si pori la akiba tena bali Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ukifuata maji ya Ugalla yanakupeleka Malagarasi. Lile bonde lote la Malagarasi na Muyovosi, mwaka 2000, liliandikishwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lilikuwa la kwanza Tanzania. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Mle kuna ndege anaitwa korongo nyangumi, mdomo wake kama kiatu cha mbao, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, wengine wanarudi bila kumwona. Na ukisogea magharibi zaidi, upande wa Tanganyika na Katavi, kuna sokwe wanaoishi kwenye miombo mikavu, wazi, yenye jua kali.  Sokwe wote tunaozoea kuwaona kwenye picha wako kwenye msitu mnene wenye giza. Wa kwetu wanatembea kwenye msitu ule ule ambao bibi yako anaokota uyoga.

Arusha! Arusha ina matangazo mazuri tu.

Na hapa hapa mjini, makamanda, tunapita nje ya geti lake kila siku, kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Ni chuo cha Serikali, kiko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kinatoa cheti na stashahada ya ufugaji nyuki. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma pale. Niliwauliza vijana saba wa mtaani kwetu kama wanakijua. Watano walisema wanajua kilipo. Wawili walijua kinafundisha nini. Hakuna aliyejua kwamba anaweza kuomba.

Huo ni utafiti wa mtaa mmoja, msiunukuu bungeni.

Lakini mjue jambo hili linauma kwa nini. Asali na nta ndiyo kazi ya zamani kuliko zote katika nchi hii ya Unyamwezi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga ya magome, ile wanayobandua gome la mti mzima wakalikunja likawa kama ngoma. Alijua mtundu unachanua lini, alijua mvua ikichelewa wiki mbili nyuki watahamia wapi, alijua mzinga wa kulina na mzinga wa kuacha. Hakuwahi kuitwa mtaalamu na mtu yeyote. Na hakuwahi kuambiwa kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuoni anakijua: kwamba mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote unakufa, kwa hiyo kila mzinga aliotengeneza alikuwa anaua malisho ya nyuki wake mwenyewe. Babu alikuwa na maarifa ambayo chuo hakina, na chuo kina maarifa ambayo babu hakuwa nayo, na kati yao kuna geti na mlinzi. Mtu wa kupita lile geti ni wewe mjukuu.

Kamanda mmoja hapa ameniuliza wakati wa chai kama kazi ya nyuki ni ya mwanamke. Zamani kurina ilikuwa kazi ya wanaume, wanalala porini wiki nzima, wanapanda miti usiku na moto. Sasa hivi kuna mizinga ya kisasa ya masanduku, inawekwa kwenye kichanja kimo cha kiuno. Unasimama chini, umevaa vazi lako na wavu usoni, unafungua kama kabati. Nisiambiwe kwamba mwanamke anayeweza kubeba ndoo ya lita ishirini kichwani na mtoto mgongoni hawezi kufungua kabati.

Niseme kidogo habari za barabara hii, maana tumekaa juu yake.

Mnajua Kwihara, wengi mlipelekwa na shule kuangalia tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji. Mnaijua miembe. Njia ya misafara ilitoka Ujiji ikapita hapa Unyanyembe ikaenda hadi Bagamoyo. Iliyopita ni watumwa na pembe. Na waliobeba pembe, wengi wao, walikuwa babu zetu Wanyamwezi, wapagazi waliosifika pwani yote. Reli ya Mjerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mabega yakapumzika.

Darasani tunafundishwa habari hii kama biashara iliyokwisha. Haikwisha. Sensa ya tembo ya mwaka 2009 ilikuta Tanzania ina tembo wapatao 109,000. Ya mwaka 2014 ikakuta kama 43,000. Miaka mitano! Haikuhitaji Tippu Tip wala msafara. Ilihitaji bunduki, malori, makontena na watu waliofumba macho. Na kijijini, yule kijana aliyelipwa kiasi kidogo kubeba pembe kutoka porini hadi barabarani, huyo alikuwa bado ni mpagazi. Akikamatwa, ndiye anayefungwa.

Kisha ikaja Operesheni Tokomeza, 2013. Ililenga majangili, ikaishia na ripoti ya kamati ya Bunge iliyojaa mateso ya raia, na Desemba mwaka ule mawaziri wanne wakang'oka. Nawakumbusha hili kwa sababu moja. Kila nikisikia wenzetu wa upinzani wanazungumzia uhifadhi, tunazungumza kama watu wanaotazama uzio kutoka nje. Tunalaani askari wa wanyamapori, na mara nyingi tuna haki ya kulaani. Lakini hatujiulizi askari wale wanatoka wapi, nani anaandika ramani, nani anahesabu tembo, nani anashauri kwamba pori hili lifungwe na lile lifunguliwe. Ni watu waliosoma. Sasa kwa nini asiwe mtoto wa Sikonge, ambaye mjomba wake ana ng'ombe na shangazi yake ana mizinga?

Nitoe mfano wa hapa hapa. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi walikuwa wanaingia kwa kibali, msimu wa kiangazi, wanafanya kazi yao wanatoka. Likishakuwa hifadhi ya taifa, sheria ni nyingine kabisa, shughuli za namna hiyo haziruhusiwi. Saini moja, na mizinga ya watu imebaki ndani. Kigosi nayo ilipandishwa pamoja na Ugalla, kelele za wafugaji nyuki zikawa kubwa, mwisho ikavuliwa hadhi ya hifadhi ya taifa. Kwa hiyo inawezekana kurudi nyuma. Lakini jiulizeni, ni nani angeweza kusimama mwaka 2019 mbele ya wataalamu na kusema kwa takwimu, mizinga ni mingapi, kilo ni ngapi, madhara kwa msitu ni haya, faida ni hizi? Malalamiko tulikuwa nayo mengi. Majedwali hatukuwa nayo.

Sasa mwisho wa njia yetu, kule ziwani, kuna habari ninayoipenda kuliko zote.

Tarehe 14 Julai 1960 binti wa Kiingereza wa miaka 26 alishuka kwenye boti Gombe, kaskazini ya Kigoma, akiwa na mama yake. Jina lake Jane Goodall. Hakuwa na digrii. Sikilizeni tena: hakuwa na digrii yoyote. Miezi michache baadaye alimwona sokwe anatengeneza kijiti na kukitumbukiza kwenye kichuguu kutoa mchwa, na vitabu vya sayansi vikabidi viandikwe upya, maana wakubwa walikuwa wanaamini ni binadamu tu anayetengeneza zana. Shahada ya uzamivu ya Cambridge ilikuja baadaye. Amefariki Oktoba 2025, ana miaka 91.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa duniani. Sehemu isiyosimuliwa sana ni hii. Mei 1975 waasi kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Wageni wakaondolewa. Utafiti ungeweza kufa mwaka ule. Haukufa kwa sababu walibaki Watanzania, watu wa vijiji vya pembeni, kina Hilali Matama aliyekuwa ameanza kazi pale tangu 1968. Ndio waliofuata sokwe kila siku asubuhi mpaka jioni, wakaandika kwa Kiswahili nani amekula nini, nani amempiga nani, nani amezaa. Takwimu za Gombe ambazo maprofesa wa dunia nzima wanazitumia zina mwandiko wa watu wa Kigoma.

Mimi nikiwaza hilo nafurahi, halafu nakasirika. Nafurahi kwa kuwa wameweza. Nakasirika kwa kuwa mtu anaweza kumjua sokwe kwa miaka thelathini na bado akaitwa msaidizi.

Na kuna jambo jingine la Gombe linalowahusu ninyi mlioko shule moja kwa moja. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari za Dar es Salaam walikwenda nyumbani kwa Goodall, wakakaa barazani, wakamweleza matatizo wanayoyaona mitaani kwao. Kutoka baraza ile ikazaliwa Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, na leo iko katika nchi nyingi duniani. Ilianzishwa na madenti wa kibongo waliokaa chini kwenye baraza. Klabu zake ziko kwenye shule nyingi nchini. Kama shule yako haina, mnahitaji mwalimu mlezi mmoja na wanafunzi wenye nia, mnaandika barua. Vivyo hivyo klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, makao yake Arusha (haya, hapo Arusha wamepata), ambazo kazi yake ni elimu ya wanyamapori mashuleni.

Kisha kuna Young Scientists Tanzania. Hili ni shindano la sayansi la sekondari, lilianzishwa 2011. Wanafunzi mnabuni tatizo, mnalifanyia utafiti, mkichaguliwa mnakwenda kuonyesha Dar es Salaam, na washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu. Msiniambie Tabora hakuna la kuchunguza. Nenda kwenye mabani ya tumbaku Urambo au Kaliua, pima kuni zinazoingia kwenye bani moja kukausha mavuno ya mkulima mmoja, linganisha bani la kizamani na lile la kuokoa kuni. Hesabu ndege pale bwawa la Igombe kila Jumamosi kwa mwezi mmoja. Chukua mizinga kumi ya magome na kumi ya masanduku, pima asali. Unahitaji mizani, daftari na miguu. Maabara yako ni hilo pori.

Nasema maabara kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Nilikuwa na miaka tisa ndama wa mjomba alipokufa, ametapakaa ndorobo, na mjomba akasema ni kazi ya Mungu. Baadaye ndipo nikajua ile ni nagana, inaenezwa na mbung'o, ina dawa, na wadudu wa aina hiyo hiyo ndio wanaoeneza malale kwa binadamu. Na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu hapa Tabora kimefanya kazi ya malale miaka mingi! Ndama amekufa jirani na sayansi. Sekondari niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na jengo limeandikwa MAABARA kwa rangi ya bluu, na ndani yake kulikuwa na madawati yaliyovunjika. Fizikia hatukuwa na mwalimu kwa mwaka na nusu. Kemia tulifundishwa na kijana wa kujitolea aliyekuwa anasubiri ajira, Mungu ambariki. Matokeo yalipotoka, historia A, Kiswahili A, baiolojia B, kemia D, fizikia F. Nikapelekwa HGL. Sheria naipenda, msinielewe vibaya. Lakini sikuichagua. Nilisukumwa kwenye mlango uliokuwa wazi.

Ndipo nilipofika chuo nikafungua Katiba, ibara ya 11. Inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda, hadi upeo wowote, kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Nikasema, mbona hii ni yangu! Niende mahakamani na ile F yangu ya fizikia. Mwalimu wetu akacheka, akaniambia soma ibara ya 7. Nikasoma. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu ile, ambayo ibara ya 11 imo ndani yake, hayawezi kudaiwa kwa nguvu ya sheria mbele ya mahakama yoyote. Yaani haki ya elimu imeandikwa vizuri, ikafungwa kwenye kabati la kioo. Unaitazama. Ndiyo maana nikiwaambia Katiba Mpya ni habari ya maabara ya kemia, mjue sifanyi siasa za jukwaani.

Lakini si kila kitu kimefungwa. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kinaendelea kusema haki hiyo inahusu pia kuyafikia mazingira kwa ajili ya mambo kadhaa, na elimu imetajwa humo kwa jina. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani. Hii inadaiwa. Na hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, walilishitaki Jiji la Dar es Salaam kwa dampo lililokuwa linawafukiza moshi, na wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, linaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira akakataa, akalihusisha jambo lile na haki ya kuishi iliyomo ibara ya 14. Watu wa kawaida kabisa, moshi wa kawaida kabisa. Nani wa Tabora atapima moshi wa kwetu ili mimi wakili wako nipate kielelezo? Mimi bila wewe mwanasayansi nitasimama mbele ya jaji na hadithi tu.

Haya, sasa toeni madaftari, nakwenda haraka.

Uko kidato cha pili, unaelekea kuchagua masomo: usiikimbie kemia. Baiolojia peke yake haikufikishi. Ukiwa na baiolojia na kemia milango mingi iko wazi, na jiografia inakuongezea.

Umemaliza kidato cha nne na una ufaulu wa masomo manne, hata kama ni D, usikae nyumbani ukidhani umefeli. Vyuo vingi vya kati ndiyo kiwango chao cha kuanzia cheti, ila masomo mawili matatu lazima yawe ya sayansi, na kila chuo kinataja yake, soma mwongozo wa NACTVET mwenyewe, usisomewe. Nyuki ni hapa hapa. Kilimo ni Tumbi, hapo nje ya mji tu. Misitu ni Olmotonyi. Wanyamapori kwa ngazi ya cheti ni Pasiansi, Mwanza, ambako ndiko askari wengi wa wanyamapori wanapikwa, na pia Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo. Mifugo ni kampasi za LITA, mfano Mpwapwa, Tengeru na Mabuki. 

Unakwenda kidato cha tano: PCB, CBG, na CBA kwa shule zenye kilimo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini ada siyo gharama zote, kuna godoro, nauli, michango, tunajuana. Ukitoka hapo kuna SUA Morogoro: udaktari wa mifugo, ambao ni miaka mitano, sayansi ya wanyama, usimamizi wa wanyamapori, misitu, mazingira. Kuna kampasi ya SUA ya Mizengo Pinda kule Katavi, jirani zetu, ambako wanafundisha hadi shahada ya rasilimali za nyuki. Kuna Mweka, Moshi, iliyoanzishwa 1963. Kuna zuolojia na wanyamapori pale Mlimani. Na mikopo sasa haiishii kwa wa digrii, wa stashahada katika fani za kipaumbele wanaomba pia, na kilimo na mifugo vimekuwa kwenye orodha. Cheti cha kuzaliwa kitafuteni leo, siyo siku dirisha linafungwa. Nimeona watu wakikosa mkopo kwa sababu ya karatasi moja ya RITA.

Kamanda wa shati jekundu ameuliza swali ambalo kila mtu analo moyoni: ajira ziko wapi? Nisikudanganye. TANAPA, TAWA, TFS, halmashauri, zinaajiri kwa matone, na konekisheni zipo, mnazijua kuliko mimi. Nimeona wenye diploma ya mifugo wanaendesha bodaboda. Lakini nimeona pia bodaboda mmoja wa namna hiyo, kijiji kimoja upande wa Uyui, ana sanduku la dawa nyuma ya kiti. Asubuhi anapakia abiria, jioni anachanja kuku na kuogesha ng'ombe, na kijiji kizima kina namba yake. Hakupata ajira, lakini kazi anayo. Nauliza tu: mwenye diploma ya uhasibu ambaye hajaajiriwa, kijiji kinampigia simu kwa lipi?

Mwingine amesema, dada, sisi wapinzani tutapata wapi nafasi kwenye mambo ya Serikali. Hapa niwe mkali kidogo. Chuo cha Nyuki siyo cha chama chochote. Kimejengwa kwa kodi, na mama yako anayeuza mchele pale sokoni analipa kodi kila akinunua sabuni. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys, kuanzia 1937, na alipotoka Makerere akarudi hapa hapa mjini kufundisha St. Mary's. Mnajua alifundisha somo gani? Baiolojia ilikuwa mojawapo. Hakuna mwenye hatimiliki ya baiolojia. Fomu haina sehemu ya kujaza kadi ya chama, na ikitokea siku moja mtu akakuuliza kadi, niletee jina la ofisi na tarehe, hiyo ndiyo kazi yangu.

Yule binti wa steshenari nimemtafuta. Nilirudi pale mara mbili. Kijana wa kompyuta hamkumbuki, anasema kwa siku anahudumia watu wengi. Kama kuna mtu hapa anamjua, binti mrefu mwembamba, mama yake alikuwa amevaa kitenge cha kijani na amebeba mfuko wa TANICA, mwambieni bado kuna dirisha la kubadilisha machaguo matokeo yakitoka.

Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa hapa na kompyuta yangu mpakato na bando langu mwenyewe. Njooni na namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo mbili, na mzazi kama anaweza kuja. Tutasoma mwongozo pamoja, kila mtu ajaze kwa mkono wake. Siyo lazima uwe mwanachama, mlete na yule rafiki yako wa kijani. Na anayejua mahali pa kuchapisha kwa bei nafuu aniambie kabla hatujatoka, maana yule wa stendi simtaki tena.